Mesaji ya Elfu ya Mla-Shaba

Mwezi uliopita tulimzika Mama Josefina hapa Likasi, na watani walicheka vizuri. Nasema vizuri kwa sababu mimi najua kilio ambacho watani hawakucheka. Hawa wa safari hii walifanya kazi yao. Mmoja alijifunga kitenge cha marehemu akatembea kama yeye, mkono kiunoni, akigombeza watu juu ya chumvi. Mwingine alijilaza mbele ya sanduku akasema hainuki mpaka Mama amwambie sufuria kubwa ameificha wapi. Watu walilia huku wanacheka. Kisha watani haohao wakavua makoti, wakashika majembe na kwenda makaburini. Ndivyo ilivyo kwetu: anayecheka kilioni ndiye anayechimba kaburi. Kicheko kina kazi yake, na kazi yake ni nzito. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na Fidèle, ambaye alikuja kutoka Kolwezi, mnene siku hizi, anapumua kama mashine ya kusaga. Hatukuwa tumeonana miaka mingi. Hakunisalimu kwa jina langu. Aliniinamia sikioni akasema, "Mla-Shaba." Nikamjibu, "Mla-Shaba." Jirani yetu akatutazama kama wazee wawili walioanza kupotea kichwani.

Mimi si mtu wa kalamu. Shule niliiacha darasa la tatu, na sijawahi kuililia. Leo nina mashine za kusaga mahindi, nina nyumba ya matofali ya kuchoma, nina watoto waliosoma wanaonisahihisha Kifaransa changu mezani kwangu, mdomoni mna bukari, ugali wa unga wangu. Hakuna aliyenipa. Wananiita mzee ingawa miaka sitini bado iko mbali. Katika kazi tuliyoifanya sisi, mzee ni yule ambaye hakubaki chini. Habari za baba yangu na ukoo wangu naziacha, hazina faida hapa. Nasimulia mwaka mmoja tu, mwaka ambao tulikuwa vijana watatu wenye jina moja.

Tulikuwa Donat, mtoto wa pekee wa Mama Josefina, na Fidèle, na mimi Kabwe. Tulichimba shaba upande wa Kambove, kwenye shimo lisilo na jina wala ruhusa. Jumamosi tulirudi mjini, tukajisugua mpaka maji yakaacha kuwa mekundu, tukaenda kwa Madame Béa. Huyu alikuwa na chumba cha intaneti nyuma ya duka la dawa. Bado nakijua chumba kile kwa pua: dawa ya kikohozi, waya moto, na mandazi aliyokuwa anauza mwenyewe ndani ya ndoo yenye kifuniko. Kompyuta zilikuwa nne, na moja haikuwaka mpaka uipige kofi ubavuni. Watu walikuja pale kutafuta wachumba wa Ulaya na shule za Kanada, wakikaa wima kama wako kanisani. Sisi tulikuja kuongoza timu ya mpira. Ulikuwa mchezo wa Wafaransa: unapewa timu isiyokuwepo, unapanga wachezaji wasiokuwepo, unangoja kesho kuambiwa umefungwa. Mimi niliona ni upuuzi. Donat, aliyefika katikati ya sekondari kabla karo haijamtoa, aliona kitu kingine. Kando ya mchezo kulikuwa na baraza, ukurasa ambapo wachezaji wa kila nchi walikuwa wakiandikiana maneno, na pale ndipo alipokwenda kukaa.

Wale wenzetu kila mmoja alikuwa na jina lake. Sisi tulinunua saa moja watu watatu, basi jina moja likatosha, kama sahani moja inavyotosha watu watatu. Donat akatuita Mla-Shaba, jina la wale wahunzi wa zamani wa nchi yetu walioyeyusha shaba kabla Mzungu hajaisikia. Kwenye kompyuta saa inakimbia, kwa hiyo mesaji hazikutungwa pale. Zilitungwa shimoni. Donat alikuwa anapiga sururu na kusema, akipiga na kusema, sauti yake inakuja imejaa vumbi: "Ndugu wa baraza, jana tulifungwa kwa sababu kipa wetu alikwenda ziwa Tshangalele kuvua samaki, na kiboko akakataa kumpisha." Fidèle alikuwa mizani. Akicheka, mesaji inapita. Akinyamaza, Donat anaitupa pamoja na mawe mabovu na kuanza upya. Na mimi nilikuwa kichwa cha kutunzia. Mtu asiyeandika hana pengine pa kuweka maneno, anayaweka ndani. Niliyabeba yote mpaka Jumamosi, nikasimama nyuma ya kiti cha Donat na kumsomea kutoka kichwani, naye vidole vinaruka kama kuku anayedonoa. Hakuna neno lililowahi kunipotea. Watoto wangu wenye vyeti wanasahau ufunguo wa gari.

Wazungu wale walimpenda. Chini ya kila mesaji zilijaa sura ndogo za njano zinazogaagaa kwa kicheko. Mmoja aliyejiita Mwokaji, alisema anaoka mikate Ubelgiji, alikuwa wa kwanza kujibu kila mara. Kicheko kikubwa kuliko vyote kilikuja siku Donat alipoomba radhi kwa kupotea wiki nzima. Aliandika: "Nilikufa Jumanne, ndugu zangu, lakini Alhamisi nimefufuka kwa sababu kuna mechi." Fidèle alicheka shimoni mpaka tukaogopa dari itaanguka. Baada ya hapo Mla-Shaba akawa anakufa kila asipoonekana. Alikufa kwa simba, akafa kwa bukari ya moto, akafa kwa hotuba ya mchungaji. Kila mara akafufuka kwa mechi, na baraza likampokea kwa shangwe.

Sasa, chini ya jina la kila mtu kulikuwa na namba, hesabu ya mesaji alizoandika tangu aingie. Kwa wale watu namba ile ilikuwa heshima. Ukifika mia, mwenzako anakufungulia ukurasa wa sherehe, wanakuja wote na picha za keki na fataki. Ukifika elfu, jina lako linageuka rangi ya dhahabu. Donat aliposoma hayo akasema keki ya picha haishibishi, na sisi tusherehekee kwa mdomo. Mia ya kwanza tulinunua samaki mkubwa wa Tshangalele, tukamletea mama yake. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili, Bikira Maria ukutani, redio iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, na dirisha moja lililotazama mti wa parachichi wa jirani. Mama Josefina alimpokea samaki, akamgeuza, akatugeukia.

"Nani amezaliwa?"

"Ni mesaji mia moja, mama," Donat akasema.

"Mia moja ya nini?"

"Ya maneno. Minye naandika, bazungu banasoma."

"Banakulipa?"

"Hapana."

"Weye njo unalipa?"

"Minye nalipa, mama. Saa moja."

Mama akamtazama Fidèle. "Na weye? Uko naandika?"

"Minye niko nacheka, mama. Kama sikucheke, haiendi."

"Kumbe ni kazi." Akaninyoshea mwiko. "Na huyu?"

"Kabwe eko nakumbuka," Donat akasema. "Kila kintu kiko mule mu kichwa yake. Ukitaka kujua ulisema nini mwaka jana, muulize."

"Minye sitaki kujua," Mama akasema, akaanza kupaa samaki. Lakini kabla ya kula alitusimamisha, akamshukuru Mungu kwa mesaji mia moja, akamwomba aziongeze, na akasema amina kwa nguvu kuliko sisi. Tulikula bukari, samaki na sombe ya majani ya muhogo, tukanywa munkoyo wa mahindi kwenye kikombe kimoja cha bati, na tangu siku ile kila mia ikawa na samaki wake. Nimekula kwenye hoteli za Lubumbashi tangu wakati huo, na wahudumu waliovaa tai. Sijala tena hivyo.

Siku moja nilikuwa nimekaa nje ya dirisha lile, nashona begi langu, nikamsikia Mama Josefina ndani anazungumza na jirani. Jirani alikuwa anamsikitikia: mtoto amesoma, sasa ni mtu wa mashimo. Mama akajibu polepole, "Mwanangu eko na bantu kule ng'ambo. Akinyamaza wiki moja, banamuuliza eko wapi. Weye, nani anauliza bako?" Na mimi nikaelewa kwamba mama yule hakuona mchezo. Aliona kwamba shimo linaweza kumeza mtu asiyejulikana, lakini mtu anayeulizwa na watu wengi, litamwogopa. Nilikuwa kijana, na aibu ni kwamba hata mimi niliamini.

Tulipofika mia tisa na tisini na tisa, Donat akasimama. Jumamosi mbili akaingia barazani, akasoma, hakuandika. Wale wakaanza kumtania: Mla-Shaba amekufa tena, Mla-Shaba anaogopa dhahabu. Mwokaji akasema keki imeshaiva. Donat akatuambia ile ya elfu haitakuwa ya kiboko wala kipa. "Banajua muntu mumoja," akasema. "Tutabaambia tuko batatu. Majina yetu yote yatoke pale. Siku moja tukipotea, kuwe na muntu anajua tulikuwa banani." Akaitunga chini, siku kadhaa, akiikata na kuirudia, na Fidèle akacheka, na mimi nikaitunza. Ninayo bado. Ilikuwa hivi, kwa Kifaransa chake kizuri: "Ndugu wa baraza, leo nafungua siri. Mla-Shaba si mtu mmoja, ni midomo mitatu kwenye sahani moja. Donat anasema. Fidèle anacheka. Kabwe anakumbuka, maana kuandika hajui na kwa kiburi hataki kujifunza. Basi keki zenu zikateni vipande vitatu, na cha Kabwe kiwe kikubwa, ana mikono mizito na anaweza kuja kuwauliza."

Kwa ile ya elfu samaki hakutosha, Donat alitaka mbuzi. Mvua zilikuwa zimeanza, na wachimbaji wenye akili walikuwa wamepanda juu. Sisi tulibaki tuongeze mifuko ya mawe ya kuuza. Alhamisi ile zamu ya kamba ilikuwa yangu, Fidèle alikuwa anaosha mawe mtoni, Donat alikuwa chini. Watu wanafikiri ardhi ikianguka inapiga kelele. Haikupiga. Ilikaa, kama mtu mnene anavyokaa kitini, ikatoa pumzi, na kamba mkononi mwangu ikawa nzito kisha ikawa nyepesi. Tulichimba na mashimo mengine yote yakaja kuchimba. Maji yakapanda haraka kuliko mikono yetu. Mwishoni mkubwa wa wachimbaji, mtu aliyewahi kutoa wengi waliofukiwa, aliweka sepetu yake chini akasema basi. Nilimtukana mama yake. Alinishika bega tu, na kushikwa vile nilikuelewa.

Kilio kilifanyika bila sanduku. Picha ya Donat ya shule iliwekwa juu ya kiti, chini ya Bikira Maria. Watani wa ukoo wao walikuja, kama desturi, na majembe yao begani. Wakasimama uani. Mmoja, mcheshi anayejulikana mtaa mzima, alifungua mdomo wake, akatazama jembe lake, akaufunga. Utacheka vipi kama huna pa kuchimba? Wakayalaza majembe ukutani, wakakaa chini kama watu wengine wote. Nimeona mengi machafu maishani, lakini sijaona kitu kibaya kama watani wale walionyamaza.

Katikati ya wanawake Mama Josefina aliniita. "Kabwe, bale bantu yake banajua?"

"Bado, mama."

"Baambie. Batamuuliza, na hakuna wa kubajibu."

Nikaenda kwa Madame Béa mchana wa jua kali, na matope ya shimo bado kwenye kucha. Hakuniuliza kulipa. Alisema, "Papa Kabwe, acha nikuandikie, sema tu." Nikakataa. Jina la Donat halikuwa la kuandikwa na mkono ambao haukushika sepetu naye. Nilikaa kwenye kile kiti kwa mara ya kwanza. Siku zote nilisimama nyuma yake. Nikatafuta herufi moja moja kwa kidole kimoja, na Madame Béa akinionyesha nikikwama. Niliandika mesaji ya elfu kama alivyoniachia, yote, na siri, na midomo mitatu, na keki, na mikono mizito. Kwetu maneno ya marehemu hayakatwi. Unayafikisha kama ulivyopewa, halafu ndipo unasema la kwako. La kwangu niliweka mwishoni: Donat amekufa Alhamisi. Ardhi imemfunika. Hatukumtoa. Nikabonyeza.

Namba ikageuka elfu. Jina likawa la dhahabu. Na palepale, nikiwa natazama, wakaanza kuja. Keki. Fataki. Chupa zinazofunguka zenyewe. Sura za njano zinagaagaa, safu kwa safu, chini ya neno amekufa. "Elfu! Mla-Shaba, wewe ni mkubwa wetu!" "Midomo mitatu, ha, nilijua unakula sana!" Na Mwokaji, yule wa kwanza siku zote, akaandika: "Safari hii anafufuka lini? Jumamosi kuna mechi!"

Madame Béa alikuwa amefunika mdomo kwa kanga yake. "Waambie si utani," akasema. "Andika tena, Papa. Andika ni kweli." Sikuandika. Watoto wangu wakisikia hadithi hii wanasema ningeandika, neno moja lingetosha. Wao wamesoma. Mimi nasema kifo ukishakitangaza umekitangaza, hukipigii kelele mara ya pili kama muuza nyanya. Nilikuwa nimesema amekufa. Hakuna neno jingine nyuma ya hilo. Kama amekufa haikutosha, walitaka nini, nimlete?

Nilirudi uani. Fidèle aliniona usoni, akainamisha kichwa. Mama Josefina akanisogezea mkeka.

"Umebaambia?"

"Nimebaambia."

"Beko nasema nini?"

Sijui kusema uongo, ni kasoro ambayo biashara imenisamehe. "Mama, beko nacheka."

Mama hakukasirika. Alifikiri, kama mtu anayepima chumvi. "Ni batani yake?"

"Sijui, mama. Banamupenda. Banafikiri eko nabachezea."

"Kama banacheka, ni batani," akasema. "Na mutani kazi yake tunaijua." Akanyosha mkono, akaonyesha yale majembe yaliyolazwa ukutani. "Basi baambie bakuye. Bakuye bamuchimbe."

Hakuna aliyekuja. Mvua ziliendelea, shimo likawa ziwa dogo la maji ya kijani, na mwaka ule ukaisha. Fidèle alikwenda Kolwezi bila kuaga. Mimi nilianza kubeba magunia ya unga sokoni, kisha kuyanunua, kisha kuyasaga, na sikushuka tena chini ya ardhi. Watu husema nilipata akili. Haikuwa akili. Kila nilipoinama juu ya shimo nilisikia sauti yenye vumbi inaanza, "Ndugu wa baraza," na hakukuwa na mtu wa kucheka.

Basi mwezi uliopita, wakati watani wanachimba kaburi la Mama Josefina na sisi tumekaa kwenye viti vya plastiki, Fidèle akatoa simu yake kubwa. Akatafuta, akavaa miwani, akatafuta tena. Baraza lile bado lipo. Alinipitishia simu mikononi. Mla-Shaba, dhahabu, elfu moja. Ile mesaji yangu ya kidole kimoja, na keki zote chini yake, hazijachacha. Mwisho kabisa kulikuwa na neno moja la Mwokaji, aliloandika miaka baadaye, peke yake, bila sura ya njano: "Mla-Shaba, kama ulikuwa unatania, rudi utuambie."

"Mujibu," Fidèle akasema.

"Nimujibu nini?"

"Ukweli. Neno la kufungulia hata minye nalikumbuka. Lilikuwa jina ya mama."

Akaandika Josefina, na ikakubali. Akaandika, vidole vinene vikikosea na kurudi: Haikuwa utani. Akabonyeza. Ukurasa ukatuambia kwamba baraza limefungwa, watu wanaruhusiwa kusoma tu. Fidèle alijaribu tena na tena, kama anayesukuma mlango wa benki Jumapili. Uani wakatuita tukale, bukari ilikuwa inapoa.

Wiki iliyofuata nililipia msalaba wa simenti, mkubwa, maana naweza. Nilimwambia fundi aandike jina la Mama, na chini yake Donat. Fundi alikuwa kijana wa adabu. "Huyu naye yuko humu, papa?" Nikasema hayumo. "Yuko kaburi gani?" Nikasema hana. Akakuna kichwa na mwiko wake, akasema makaburi yana sheria, asiyekuwemo haandikwi. Mimi ambaye nimegombana na maofisa wa kila aina na kuwashinda, nikashindwa na mtoto yule. Alikuwa na haki. Kwa hiyo jina la Donat limebaki kuandikwa mahali pamoja tu duniani, kwa kidole changu, na chini yake watu wanacheka.